Tundu Moja, Wati Mbalimbali

Katika mkutano uliopita wajumbe wengi waliafiki chama kinunue gati la kompyuta kwa ajili ya meza ya chumba chetu. Nikisema gati nina maana ya kile kisanduku kinachoungwa kwenye kompyuta mpakato kwa waya mmoja wa USB-C, kisha skrini, kibodi, intaneti na chaji vyote vikapitia hapo, kama meli iliyofunga gatini ikishusha mizigo huku inajaza mafuta. (Wapo wanaoandika “doki”. Sigombani nao, ila bandari zetu zina neno tayari.) Ununuzi siupingi. Ninachopinga ni hoja iliyofunga mjadala: kwamba kompyuta zetu zote zina tundu la USB-C, kwa hiyo gati lolote litatufaa sote.

Hilo nilijifunza kwa machungu hapa Lewisville muhula uliopita. Nilikuwa nyumbani nafanya mtihani wa mtandaoni wa saa mbili, kompyuta nimeiunga kwenye gati la mitumba ambalo kasha lake liliandikwa wati 100. Alama ya chaji ilikuwa inawaka muda wote. Lilipobaki swali moja, betri ilikuwa asilimia 4. Chaja ya asili nilikuwa nimeiacha chuoni Denton, na A-train si kitu cha kukimbilia katikati ya mtihani. Kompyuta ikazima. Kesho yake nilikuwa tayari kununua betri mpya, kwa kudhani ya zamani imechoka.

Betri haikuwa na kosa. Ile 100 ya kwenye kasha ilikuwa kikomo cha umeme ambao gati linaweza kupokea. Halikuahidi kutoa kiasi hicho. Mimi nilililisha kwa chaja ya wati 65. Gati likajiwekea 15 kwa matumizi yake na ya vitu nilivyochomeka, na kompyuta iliyozoea wati 90 ikaachiwa 50. Ikawa inatumia kuliko inavyopata, huku ile alama ikiendelea kunidanganya kwamba mambo ni shwari.

Watu wengi hawajui kwamba chaja na kompyuta huzungumza kwanza kabla umeme mwingi haujapita. Utaratibu huo unaitwa USB Power Delivery, nao unafanana na mambo ya kwa mama lishe: yeye anataja alivyopika, wewe unachagua humo humo. Chaja hutaja volti ilizonazo, kwa kawaida 5, 9, 15 na 20, pamoja na ampea zake, na kompyuta huomba inayoifaa. Isipotajwa 20, hakuna 20. Hapo kompyuta nyingine hukubali kidogo kilichopo, nyingine hususa kabisa. Waya nao una kauli yake. Waya wa kawaida wa USB-C huishia ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Ukitaka ampea 5 lazima uwe na chipu ndogo ya kujitambulisha. Na yapo matundu ya USB-C kwenye kompyuta yanayopitisha data tu, hayapokei chaji hata ufanyeje.

Watu wa Umoja wa Ulaya, waliolazimisha tundu hili kwa simu kuanzia Desemba 28, 2024 na kwa kompyuta mpakato kuanzia Aprili 28, 2026, hawakuishia kwenye tundu. Sheria yao inataka pia lebo inayoonyesha wati ambazo kifaa kinahitaji kuchajiwa. Sisi tukiulizwa “chaja gani?” tunajibu “USB-C”, jibu ambalo ni la umbo la mdomo na halisemi chochote kuhusu nguvu.

Najua mweka hazina atasema gati lenye nguvu ni ghali. Ni kweli. Lakini gati rahisi litakalowaacha nusu yetu na betri inayoshuka ni ghali zaidi, maana tutanunua mara mbili. Kwa hiyo kabla fedha hazijatoka, kila mwanachama aigeuze chaja yake ya asili, asome mstari wa umeme unaotoka, azidishe volti kwa ampea, ampe katibu jibu. Tununue kwa kufuata hesabu hiyo, tukiangalia wati zinazofika kwenye kompyuta. Wale wawili wenye kompyuta kubwa za michezo, zinazotaka wati zaidi ya 200, waje tu na chaja zao. Hatuwezi kununua kwa ajili yao. Gati likifika, tulibandike karatasi ya Kiswahili: hutoa wati ngapi, na kwa waya upi.

Yangu ni volti 20 mara ampea 4.5. Katibu, niandikie 90.