Kidonda si ushahidi wa mpango wa kando

Tangu niongelee magonjwa ya zinaa kwa video, inboksi yangu imejaa swali moja, kutoka Kitale mpaka Bungoma: "Nimeambiwa ni herpesi. Sasa nani ameniletea?"

Mimi si daktari, hata kampasi sikumaliza. Lakini kwa maoni yangu hilo swali linaumiza watu kuliko malengelenge yenyewe, na mara nyingi halina jibu. Hivi virusi vikishaingia vinajificha kwa mishipa ya fahamu na vinakaa humo maisha yote. Mtu anaweza kumaliza miaka bila dalili, halafu siku mwili umechoka au ameugua, vinatoka. Kwa hivyo wewe jamaa wa Kanduyi unayetaka kumfukuza bibi juu ametoa vidonda leo, pengine ni wewe ulimpea. Wengi walio navyo hawajui, na vinaambukiza hata wakati ngozi inaonekana safi kabisa.

Na si wachache. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2007 ulipata aina ya pili, ile ya sehemu za siri, kwa asilimia 35 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64. Wanawake 42, wanaume 26. Chukua matatu ya abiria 14 pale stage ya Kitale: karibu watano. Utafukuza wangapi?

Aina ya kwanza ndio ile ya mdomo. Huku tunasema "malaria imetokea mdomoni" na tunaendelea kubusu watoto. Homa huamsha tu virusi vilivyokuwa vimelala. Na mdomo wenye hicho kidonda ukishuka huko chini, vinahamia huko pia. (Choo cha kulipia hakina makosa hapa, wacheni kukisingizia.)

Bungoma kuna lingine. Kila mwaka wa tohara, Agosti, vijana wanaambiwa wakishapashwa tohara wako salama. Kwa HIV inapunguza hatari, ni kweli. Kwa herpesi, utafiti wa Rakai, Uganda, ulipata inapunguza kama robo hivi. Ule wa Kisumu haukupata kinga yoyote. Kondomu inasaidia zaidi, ingawa haifuniki ngozi yote. Na ukiwa na aina ya pili, hatari ya kupata HIV inapanda karibu mara tatu, so pima hiyo pia.

Tembe za asiklovia zinafupisha vidonda na kupunguza kurudi kwake. Haziponyi. Anayekuuzia mizizi ya "kumaliza kabisa" anamaliza pesa yako.

Kama uko na mimba na mpenzi wako yuko nayo, ambia nesi wa kliniki mapema, hata kama unaona haya. Ukiambukizwa miezi ya mwisho, mtoto anaweza kuipata akizaliwa, na kwa mtoto mchanga hii kitu inaua.