Kufundisha Vita Baridi Katika Shule za Mpakani

Mwaka uliopita, katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha, nilifika shule moja ya sekondari huko Nyanungu, wilayani Tarime, mahali ambapo mpaka wa Kenya u karibu kuliko mji wa Musoma yaliko makao ya mkoa. Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha kidato cha nne mada ya Afrika katika mambo ya kimataifa, na siku hiyo somo lilihusu Vita Baridi na siasa ya kutofungamana na upande wowote. Alianza kwa methali ambayo karibu kila mwanachuo huanza nayo, kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Kisha akachora ubaoni jedwali la safu mbili: huku Marekani, ubepari na NATO ya mwaka 1949, huku Urusi ya Kisovyeti, ukomunisti na Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1955. Berlin, Korea na Kuba zilipata nafasi zake. Mwandiko ulikuwa safi na muda ulitosha.

Dakika za mwisho kijana mmoja aliinua mkono. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, lakini yeye aliuliza kwa Kiswahili: je, vita hiyo ilifika huku kwetu? Mwanachuo alijibu kwamba haikufika, ilikuwa ya Ulaya na Amerika, akafuta ubao. Nami, yafaa nikiri, nilimpa alama za juu. Fomu yetu ya ukaguzi ina mahali pa kuandika habari za andalio la somo, zana, sauti na matumizi ya ubao, bali haina mahali pa swali la mwanafunzi lililozimwa.

Jioni ile mwenyeji wangu, mzee wa makamo ya babu yangu, aliniuliza nimekagua somo gani. Nilipomweleza alicheka kidogo, akanisimulia habari za dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka. Dada huyo alifariki mpaka ukiwa umefungwa, na yeye alikwenda mazishini usiku, kwa kupita porini, kama mwizi wa ng'ombe. Hakutaja Marekani wala Urusi. Lakini nilipolala nilijua kwamba swali la yule kijana lilistahili jibu jingine.

Mpaka wenyewe ni mstari ulionyooka, uliochorwa kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, nao ulipita katikati ya nchi ya Wakuria. Wairege na Wanyabasi wako pande zote mbili hadi leo. Kwa miaka mingi mstari huo haukumzuia mtu kwenda kuoa, kuzika wala kuuza mahindi. Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania iliufunga, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Muda huo karibu wa miaka saba ulitosha mtoto kuzaliwa na kuanza shule bila kumwona shangazi yake.

Hapa mwalimu hana budi kuwa mwangalifu, maana kuna kosa la pili lililo baya kama lile la kwanza. Haifai kuwaambia wanafunzi kwamba Washington na Moscow ndizo zilizofunga mpaka wa Sirari. Mpaka ulifungwa kwa sababu Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa ikivunjika: nchi wanachama ziligombana juu ya shirika la ndege, reli na bandari, na tangu Idi Amin atwae madaraka Uganda mwezi Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye katika kikao cha wakuu wa Jumuiya. Mataifa makubwa hayakutoa amri hiyo. Hata hivyo nchi hizi mbili jirani zilikuwa zimechagua njia mbili za uchumi katika dunia iliyogawanyika, na kila moja ilimtazama mwenzake kwa macho ya mgawanyiko huo. Kwetu biashara ya nje na viwanda vikubwa vilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma; kwao makampuni ya watu binafsi yaliachiwa uwanja. Mwaka 1980 Kenya iliiruhusu Marekani kutumia bandari ya Mombasa kwa shughuli za kijeshi. Magazeti yetu yaliwaita mabepari wa Kenya manyang'au, nao walitujibu kwa kejeli kwamba huku kwetu hapakuwa hata na cha kula.

Manyang'au hao, kwa mtu wa Nyanungu, walikuwa wakwe zake.

Ndiyo maana siipendi ile methali ya tembo na nyasi. Ni methali nzuri, na wazee walikuwa na sababu ya kuitunga, lakini katika somo la historia inatufanya tuwe nyasi, na nyasi hazina shauri. Tanzania ilikuwa na shauri. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi haikutaka Ujerumani ya Mashariki, ambayo Zanzibar ilikwisha kuitambua, ipewe nafasi ya kibalozi nchini. Mwezi Februari 1965 serikali iliiruhusu Ujerumani ya Mashariki kufungua konseli Dar es Salaam bila kuitambua rasmi. Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu akaiambia iondoe na msaada mwingine wote wa serikali. Desemba mwaka huo huo tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Mwanafunzi anaweza kusema kwamba uamuzi ule ulikuwa wa fahari, au kwamba ulikuwa ghali mno kwa nchi maskini. Asichoweza kusema ni kwamba hatukuamua.

Tena lile jedwali la safu mbili halituenei. Reli ya Uhuru, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilijengwa na Wachina kuanzia mwaka 1970 hadi 1975 kwa mkopo usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kusema haina faida; na katika miaka hiyo hiyo Marekani ilisaidia kujenga barabara ya lami inayoelekea Zambia kama reli. Nchi yetu, iliyoitwa ya kijamaa, ilipata sehemu kubwa ya misaada yake ya miaka ya 1970 kutoka nchi za Magharibi, Sweden ikiwa mbele, pamoja na Benki ya Dunia. Nayo Kenya, ambayo tulifundishwa kuiita ya kibepari, ilitoa waraka rasmi namba 10 wa mwaka 1965 ukieleza siasa yake kuwa ni Ujamaa wa Kiafrika. Sasa mwanachuo ataiandika nchi ipi safu ipi?

Nimekwisha kuona madaftari ambamo ubepari umeelezwa kuwa "mfumo wa wanyonyaji" na ukomunisti kuwa "mfumo wa madikteta". Maneno kama kupe, mirija na nyang'au yalikuwa silaha za siasa katika wakati wake, na kila upande ulikuwa na yake. Tangu Urusi ya Kisovyeti ivunjike mwaka 1991, tumeendelea kuyanakili kama kwamba ni maelezo. Kabla ya kufundisha habari za mataifa makubwa, mwalimu na aandike neno moja la namna hiyo ubaoni, aulize: nani alilitumia, dhidi ya nani, na aliyeitwa hivyo angejielezaje?

Siku mbili baadaye mwanachuo yule aliniomba arudie somo. Safari hii aliwapa wanafunzi maswali mawili ya kwenda nayo nyumbani: wakati mpaka umefungwa, ni vitu gani vilikosekana, na familia yenu ilikuwa na nani upande wa pili? Walirudi na sabuni, sukari, chumvi na mafuta ya taa. Walirudi pia na maneno kama magendo na wahujumu uchumi, ambayo yalimpa mwalimu nafasi ya kueleza vita dhidi ya Amin ya miaka ya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta, na msako wa mwaka 1983 uliosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Ramani ya dunia aliitundika mwisho, si mwanzo.

Mwenzangu mmoja chuoni amepinga: mtihani hauulizi habari za sabuni, na kipindi kimoja ni dakika 40. Ni kweli, na kwa upande wa muda sina jibu la kumridhisha. Hata hivyo mwanafunzi anayejua kwa nini shangazi yake hakuonekana ataeleza sababu na matokeo vizuri zaidi kuliko aliyekariri, hata kwa Kiingereza cha mashaka. Aidha, somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, na humo simulizi za wazee zaweza kuingia bila kutafsiriwa.

Lipo tatizo moja zito zaidi. Msichana mmoja alirudi mikono mitupu: babu yake alikataa kusema lolote, akamfukuza. Huenda alifungwa, huenda alivusha ng'ombe, huenda alimripoti jirani. Mwanachuo alitaka kumtuma tena. Nilimzuia. Mzee asiyetaka kusema aachwe, na mtoto wake asipunguziwe alama. Atumie simulizi ya jirani, na daftarini aandike kwamba nyumbani kwao hawakupenda kulizungumza.

Fomu ya ukaguzi nimeiombea nafasi moja zaidi, mstari mmoja tu, wa kuandika maswali ya wanafunzi. Bado nangoja.