Neno "dhaifu" si tusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya neno moja tunalolitumia kila siku, nalo ni "dhaifu".

Mwaka 2012 Ndugu John Mnyika, aliyekuwa Mbunge wa Ubungo, alitolewa nje ya Bunge baada ya kutaja udhaifu wa Rais na kukataa kufuta kauli. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa kutaja udhaifu wa Bunge. Profesa alijieleza kwamba neno hilo ni la kawaida kwa wakaguzi. Ni kweli. Mkaguzi akikosa stakabadhi huandika kuna udhaifu, na sijasikia mhasibu aliyelalamika kuwa katukanwa.

Huku Kisiba mgomba uliolemewa na mkungu ni dhaifu, na mtu aliyetoka kuugua malaria ni dhaifu. Hakuna anayekasirika. Mvivu anazo nguvu ila hataki kuzitumia, kwa hiyo analaumiwa. Dhaifu nguvu hana, sasa lawama ya nini? Tusi tumelitia wenyewe.

Lakini nami sijitoi. Katika ripoti ya mwanafunzi wangu wa darasa la nne niliandika "dhaifu" mbele ya Hisabati. Bibi yake anayemlea akaja shuleni na uchungu mwingi. Alikuwa amempeleka mjukuu zahanati siku mbili mfululizo, akapimwa, hakuonekana na ugonjwa wowote. "Mwalimu, umemwona na nini?" Kwa Kiswahili cha bibi, mtoto dhaifu ni mgonjwa. Mimi nilimaanisha hajui kugawanya!

Profesa angalau alisema udhaifu uko wapi: ripoti zinatolewa, zisipofanyiwa kazi. Mimi sikusema. Niliandika neno moja, nikaenda zangu.

Nawaomba wanaochapa fomu za ripoti watuachie mistari miwili mbele ya kila somo, badala ya kisanduku cha neno moja. Siku hizi naandika pembeni: "Kugawanya bado, tunarudia Jumanne na Alhamisi."

Yule mtoto sasa anagawanya vizuri. Bibi yake bado ananiitikia salamu kwa shingo upande.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kisiba, Tukuyu.