Mheshimiwa Jaji Mkuu, Hukumu za Mikataba Zitufikie kwa Kiswahili

Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania,

Nakuandikia kutoka Kasoli, wilayani Bariadi, ambako pamba ndiyo ada ya shule, ndiyo mahari, ndiyo bati la nyumba. Msimu wa kununua unapofunguliwa, karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao, anapima mafurushi ya mkulima, anaandika stakabadhi, anakata deni la mbegu na viuatilifu. Salio likichelewa, jioni mkulima anakopa kwa simu. Masharti marefu ya Kiingereza yanapita chini ya kidole gumba mpaka kwenye kitufe cha kukubali, anabonyeza. Ameshafunga mkataba asioujua.

Sheria ya Mikataba tunayo, lakini makali yake yamo kwenye hukumu. Katika shauri la Abualy Alibhai Azizi dhidi ya Bhatia Brothers, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba mkataba huheshimiwa, na hauponyokwi ila kwa sababu nzito, kama vile udanganyifu, kukosa uwezo kisheria au kukiuka maslahi ya umma. Mkulima wa Kasoli anabanwa na msimamo huo bila kuusikia hata siku moja. Linaloniuma zaidi ni kwamba hata hiyo milango ya kutokea haijui.

Kwenye ushahidi nako ni vilevile. Mwaka 2000, Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara ilikuwa na shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises. Sheria ya Ushahidi ya 1967 ilitungwa enzi za madaftari, na benki ilileta karatasi zilizochapwa na kompyuta. Jaji Nsekela alizikubali. Bunge likafuata kwa marekebisho ya 2007, kisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Kwa hiyo leo meseji ya malipo inaweza kupokelewa kama ushahidi. Huku kwetu watu wanafuta meseji hizo ili simu ipate nafasi! Wangeelezwa, wangezitunza pamoja na stakabadhi za pamba.

Kuhusu kitufe chenyewe, Marekani walishaamua. Mwaka 2002, katika shauri la Specht dhidi ya Netscape, Jaji Sonia Sotomayor aliandika kwamba watu waliopakua programu ya bure hawakufungwa na masharti ya leseni yaliyowekwa chini ya kitufe, mahali ambapo hawakuyaona. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini hoja yake inamgusa kila anayekopa kwa simu. Na je, masharti yanayoonekana, ila kwa lugha asiyoielewa mkopaji? Hilo lahitaji jibu la majaji wetu, kwa lugha yetu.

Mheshimiwa, tangu 2021 sheria inatamka kuwa Kiswahili ni lugha ya mahakama, na Kiingereza kitumike pale haki inapodai hivyo. Mahakama za mwanzo zimekitumia miaka yote. Lakini hukumu za juu, hizo zinazoongoza nyingine zote, kwa sehemu kubwa bado tunazikuta kwa Kiingereza.

Naomba uanze na mikataba. Kila hukumu kubwa ya mikopo, mauzo na leseni za programu iandikiwe muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ubao wa mahakama ya mwanzo na kwenye maghala ya AMCOS kabla mizani ya msimu ujao haijafunguliwa.

Mkazi wa Kasoli, Bariadi