Kabla ya Kumfuata Dalali wa Mkopo, Muulize Nani Anamlipa

Mtu akianza kutafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, hukutana na watu wawili kabla hajakanyaga benki. Wa kwanza ni dalali wa nyumba, tuliyemzoea. Wa pili ni yule anayekuvuta pembeni na kusema: "Mzee, mambo ya mkopo niachie mimi, nina mtu wangu benki, wiki mbili hela imetoka." Leo nataka tumzungumzie huyu wa pili, maana wengi humkabidhi makaratasi yao yote bila kumuuliza lolote.

Wa kwanza simlaumu sana. Anaujua mtaa kuliko mimi na wewe; anajua warithi gani wanataka kuuza wagawane, na nyumba gani ina kesi baraza la ardhi. Ujira wake aghalabu huanzia asilimia 5 ya bei, wengine hudai hata 10, na wapo wanaoongeza cha juu bila mwenye nyumba kujua. Patana naye kwa maandishi kabla hajaanza kukuzungusha. Na akikuambia yupo mnunuzi mwingine anakuja jioni na fedha taslimu, usibabaike. Mnunuzi wa jioni hakosekani kwenye nyumba yoyote inayouzwa mjini.

Huyu wa mkopo ndiye wa kutazamwa kwa macho mawili. Muulize analipwa na nani, na analipwa lini. Ukifuatilia utaona kwamba hali mkate wake kwa sababu wewe umepata riba nafuu. Anakula mkopo ukitoka. Ukitoka kwa masharti mazuri, atalipwa. Ukitoka kwa masharti ya kukunyonga, atalipwa vilevile, pengine zaidi. Sisemi kwamba ni mwizi. Nasema faida yake na faida yako hazikai upande mmoja.

Wenzetu wameyaona haya kwa gharama kubwa. Nchini Marekani, kabla ya msukosuko wa fedha wa 2008, dalali wa mikopo ya nyumba aliweza kuzawadiwa na mkopeshaji kwa kumwingiza mteja kwenye riba ya juu kuliko ile aliyostahili. Mteja alidhani ana mtetezi, kumbe mtetezi anakula upande wa pili. Sheria ya mwaka 2010 ndiyo iliyokataza dalali kulipwa kwa kufuata ukubwa wa riba. Kwetu Tanzania, dalali wa bima ana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na unaweza kudai uione. Huyu wa mkopo ukimdai leseni atakuonyesha nini? Kadi yenye namba ya simu.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Chukua mkopo wa shilingi milioni 60 wa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 17 inayotozwa kwenye deni linalobaki, marejesho ni kama shilingi 923,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 15 ni kama 840,000. Tofauti ya alama mbili tu, lakini ukiijumlisha miezi 180 unapata takriban milioni 15. Hiyo ni bei ya kiwanja pembezoni mwa miji mingi.

Lipo jingine baya zaidi. Mtu atakuja kukusifia riba ya "asilimia 10 tu". Muulize: asilimia 10 ya nini? Kama inatozwa kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwaka, hata baada ya wewe kulipa nusu, basi riba ya miaka 15 ni milioni 90 na marejesho yako ni kama 833,000 kwa mwezi. Yaani hiyo 10 ya maneno matamu inakaribia kabisa kuwa ile 15 uliyoikimbia benki ya jirani. Asiyeweza kukueleza jambo hili kwa kalamu na karatasi hafai kukushauri juu ya nyumba.

Wapo watakaosema: lakini yeye anazijua njia, anatuokolea muda. Muda upi? Benki itataka hati miliki, wala haitajali nani amekuleta. Itamtuma mthamini wake, itafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, itachambua mshahara au mahesabu ya biashara yako. Kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenzi wako ndipo rehani isimame. Saini hiyo hakuna mtu wa kati wa kukutafutia, na akijitolea kukutafutia, mkimbie. Nyumba isiyo na hati haitapata hati kwa sababu mtu anafahamiana na karani. Foleni utapanga tu.

Hata hivyo sitaki kumfungia kila mtu mlango. Mwenye duka Kariakoo, mapato yake leo milioni, kesho laki mbili, na vitabu vyake viko kwenye daftari la mkopo na simu, huyo anahitaji msaada wa kweli. Lakini amtafute mhasibu amlipe ujira unaojulikana, mkopo utoke usitoke, ili ampangie mahesabu. Na nyinyi mlioko Muscat, London au Minneapolis mnaonunua kwa mbali: wekeni wakili wenu wenyewe. Wakili aliyeletwa na dalali ni wa dalali, hata kama risiti imeandikwa jina lako.

Kuhusu dalali wa mkopo, hukumu yangu ni hii. Akikubali kuandika nani anamlipa na kiasi gani, na akakuletea masharti ya benki mbili au zaidi uyalinganishe mwenyewe, mfikirie. Akikuletea benki moja tu na haraka nyingi, mshukuru, muage.

Kisha nenda mwenyewe. Ingia benki mbili au tatu, kaa mbele ya ofisa wa mikopo, na umwombe akuandikie marejesho ya kila mwezi, jumla ya fedha utakazolipa hadi deni liishe pamoja na bima na ada zote, na tozo utakayopigwa ukitaka kumaliza mapema. Usisaini popote mpaka umeyapeleka makaratasi hayo nyumbani, ukayasoma na mwenzi wako.