Mitungi ya gesi imegawiwa, sasa nani anaijaza?

Mtungi wa kilo 6 upo kwenye kona ya jiko, juu yake kuna kitambaa. Pembeni, jiko la mkaa linawaka na maharage yanachemka.

Kama unaishi Tanzania, umeshaiona picha hii. Labda ni kwa jirani, labda ni kwenu.

Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Tulikoanzia ni mbali: kwa takwimu za serikali, mwaka 2021 waliokuwa wakifanya hivyo hawakufika hata asilimia 10.

Tangu hapo habari za mitungi hazijaisha. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, unaiuza vijijini kwa ruzuku ya asilimia 50. Wabunge wanagawa, kampuni zinagawa, mama lishe wanapewa na picha zinapigwa.

Ila tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba idadi ya mitungi iliyogawiwa haituambii mengi. Cha kuhesabu ni mingapi imerudi dukani kujazwa.

Moshi unaua, hilo halina ubishi

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Tatizo ni chembe ndogo sana za moshi, ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Zinaingia ndani kabisa ya mapafu, nyingine zinapita hadi kwenye damu. Nimonia, kiharusi, magonjwa ya moyo na saratani ya mapafu vyote vinahusishwa nazo.

Kwa hiyo swali lililobaki ni namna ya kuupunguza moshi huo mpaka afya ibadilike kweli. Hapo ndipo watafiti wamekutana na majibu magumu.

Malawi: jiko bora halikutosha

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini Malawi, ukiwa na watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya vijiji vilipewa majiko bora ya kuni, yenye feni inayosaidia moto kuwaka vizuri. Vingine viliendelea na mafiga.

Matokeo? Nimonia kwa watoto haikupungua.

Wengi walisema tatizo ni kuni zenyewe, kwa hiyo twende kwenye gesi.

Rwanda: gesi ya bure miezi 18

Utafiti mwingine ukafuata, katika nchi nne: Rwanda, India, Guatemala na Peru. Kila nchi walichaguliwa wajawazito wapatao 800. Nusu yao walipewa jiko la gesi, na gesi yenyewe ikaletwa mlangoni bure kwa miezi 18, tangu ujauzito hadi mtoto akafikisha mwaka mmoja.

Hewa ilibadilika sana. Mama aliyepika kwa kuni alivuta chembe za moshi kiasi cha mikrogramu 71 kwa kila mita ya ujazo. Aliyepika kwa gesi alivuta kama 24.

Lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiwango cha maana, na nimonia kali haikupungua kwa kiwango cha kuaminika.

Usikimbilie kusema gesi haina faida. Kiwango cha mwaka kinachopendekezwa na WHO ni mikrogramu 5, kwa hiyo hata hiyo 24 bado ni karibu mara tano zaidi. Wewe unapika kwa gesi, lakini jirani anawasha kuni na moshi wake hauulizi mlango. Halafu wajawazito wale walianza kutumia gesi mimba ikiwa imeshafika angalau wiki ya tisa.

Kwangu mimi somo ni hili: kama familia zilizoletewa gesi bure kila ilipoisha bado zilikuwa kwenye hewa chafu kuliko inavyotakiwa, basi familia yenye mtungi uliokauka na jiko la mkaa linalowaka kila siku haijatoka popote.

India walishapita njia hii

India walianzisha mpango wa Ujjwala mwaka 2016, na kufikia 2019 kaya milioni 80 za watu maskini zilikuwa zimeunganishwa na gesi. Kwa hesabu za ugawaji, huo ni ushindi.

Kisha Mkaguzi Mkuu wa Serikali akaangalia ujazaji. Kaya za mpango huo zilikuwa zinajaza wastani wa kama mitungi mitatu kwa mwaka. Mitungi yao ni ya kilo 14.2, lakini bado hiyo haitoshi kupikia familia mwaka mzima. Maana yake kuni ziliendelea kuwaka.

Mwaka 2022 serikali ya India ikaanza kutoa ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa, na mwaka uliofuata ikapandisha hadi 300. Yaani ruzuku hiyo ilikuwa ya gesi yenyewe.

Kesi yetu ni ya buku

Huku kwetu hesabu ni rahisi. Kujaza mtungi mdogo ni zaidi ya shilingi 20,000, zote kwa mkupuo. Mkaa unanunua wa buku, unapika leo, kesho unatafuta buku nyingine. Mwisho wa mwezi huenda mkaa umekula hela nyingi kuliko gesi, ila hakuna siku uliyotakiwa kuwa na 20,000 mkononi.

Kwa hiyo siyo kwamba watu hawajaelimika. Kipato kinaingia kwa siku, gesi inauzwa kwa mwezi.

Kuna ushahidi wa karibu kwamba hili linatatulika. Mwaka 2020, wakati wa masharti ya Uviko-19, watafiti walifuatilia kaya za Mukuru kwa Reuben, Nairobi. Kati ya waliokuwa wakinunua mtungi mzima, zaidi ya robo walirudi kwenye mafuta ya taa au kuni. Waliokuwa wakilipia gesi kidogo kidogo kwa simu, asilimia 95 waliendelea nayo. Mtaa ni uleule na ugumu wa maisha ni uleule, ila namna ya kulipa ndiyo ilikuwa tofauti.

Cha kuuliza

Ruzuku ya kununua mtungi inasaidia kuanza. Lakini mkakati una miaka kumi, na mtungi wa kilo 6 kwa familia ya watu watano haumalizi hata mwezi.

Serikali ingeweza kuwataka wasambazaji watoe takwimu za ujazaji kwa kila wilaya, na sehemu ya ruzuku ikaelekezwa kwenye kujaza na kwenye mita za kulipia kidogo kidogo. Hapo tungejua kama tunaikaribia asilimia 80, au tunagawa tu vyuma.

Safari nyingine ukisikia kiongozi anataja idadi ya mitungi aliyogawa, muulize swali moja: mingapi imejazwa mara ya pili?

Na kwako je, mtungi unakaa siku ngapi, na ukiisha unapikia nini?