Mickey Mouse Hasafiri kwa Nauli Yake

Mei 2025 Disney ilitangaza kwamba kituo chake cha saba cha burudani kitajengwa Abu Dhabi, katika Kisiwa cha Yas. Wengi walivutiwa na michoro ya kasri la kisasa kando ya maji. Wangesoma masharti ya mkataba wangeona lililo zito zaidi: Miral, kampuni ya huko huko, ndiyo itakayogharimia ujenzi na kukiendesha kituo. Disney itasanifu, itatoa jina, kisha itakinga mkono kupokea mrabaha.

Msomaji wa Geita au Kahama amelizoea neno mrabaha kwenye dhahabu. Kule mgeni humlipa mwenyeji kwa kuchimba mali yake. Abu Dhabi mambo yamepinduka: mwenyeji anatoa kiwanja na fedha, halafu anamlipa mgeni kwa kutumia sura ya panya aliyeibuka kwenye filamu mwaka 1928.

Mtindo huu si mgeni. Tokyo Disneyland ilipofunguliwa Aprili 1983, mmiliki alikuwa kampuni ya Kijapani, Oriental Land. Disney ilijitengea asilimia 10 ya viingilio na asilimia 5 ya mauzo ya chakula na bidhaa. Wajapani wakafurika, na Wamarekani wakabaki kutazama faida nono ikiingia mfuko wa mwenzao.

Walipokwenda Ufaransa walitaka kushika kisu wenyewe. Kituo cha nje kidogo ya Paris kilifunguliwa Aprili 1992, Disney ikiwa na asilimia 49 ya hisa, na mahoteli makubwa yamejengwa kwa mikopo. Uchumi wa Ulaya ulikuwa umedorora. Tena mgahawani, Mfaransa aliyeagiza divai na chakula chake aliambiwa hairuhusiwi! Marufuku hiyo iliondolewa 1993, lakini madeni hayakuondoka nayo. Mwaka uliofuata mabenki yalilegeza masharti, na mwanamfalme wa Saudi Arabia, Alwaleed bin Talal, akaingia kununua hisa.

Baada ya hapo Disney ilitafuta wabia wenye misuli. Hong Kong, 2005, mbia ni serikali. Shanghai, 2016, ni kampuni ya umma yenye asilimia 57.

Husemwa kwamba kampuni hizi hufuata wateja. Ni kweli, na Disney yenyewe hujinadi kuwa theluthi ya watu wote duniani wanaweza kufika Abu Dhabi kwa ndege ndani ya saa nne. (Abiria wa Nairobi aongeze saa moja hivi.) Lakini wateja peke yao hawatoshi kumtoa panya nyumbani. Anahitaji mwenyeji mwenye fedha na hamu ya watalii, na Abu Dhabi, inayotafuta riziki nje ya mafuta, ina vyote viwili.

Watalii wakiadimika Yas, mrabaha wa Disney utapungua. Gharama za majengo zitabaki mikononi mwa Miral.